Kidude cha Mpira Mfukoni mwa Aproni

Mama yangu,

Nimeipata aproni yako ya kuchumia chai. Ilikuwa kwenye msumari nyuma ya stoo ya viazi, mahali ambapo Shangazi hakufika. Nguo zako nyingine zote alizifua siku ya tatu baada ya mazishi, akazianika uani, kisha zikagawanywa kama desturi inavyotaka. Nilisimama mlangoni nikimwangalia akiisugua kola ya sweta yako ya kijani. Ningemwambiaje mtu mzima aache kufua? Nilitaka tu kubaki na harufu yako, hata kwa wiki moja.

Unakumbuka mvua ilipoanza, nilivyokuja nyumbani Sosiot na mitego? Fukusi walikuwa wamevimaliza viazi vitamu vyako, vile ulivyokuja na mbegu yake kutoka kwenu upande wa ziwa ulipoolewa. Nilikata madirisha kwenye mtungi wa plastiki, nikatia maji ya sabuni, nikaning'iniza kidude cha mpira. Ukauliza dawa iko wapi. Nikakwambia hakuna dawa, kidude kile kimetiwa harufu ya fukusi wa kike anapotaka mume. Nilisema nikiangalia chini, maana mambo hayo mtoto hamwambii mama yake. Wewe ulicheka mpaka ukashika kiuno.

"Kumbe miaka yote hiyo uko university unasoma mapenzi ya wadudu!"

Halafu ukataka kujua dume anaisikiaje na hana pua. Nikakueleza kwamba papasi zake mbili, zile pembe nyembamba za kichwani, zimejaa vinyweleo, na kila kinyweleo kina vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Molekuli ya harufu inapenya kwenye kitundu, lakini ndani kuna majimaji, nayo haipatani na maji, kama mafuta tu. Basi kuna protini inayoipokea na kuivusha. Ng'ambo inakuta kipokezi kinachoitambua. Kipokezi kikishafunguka, chembe zenye chaji zinapita, na neva inapeleka habari kwenye ubongo. Papo hapo kimeng'enya kinaivunja ile molekuli, ili kinyweleo kiwe tayari kwa inayofuata. Ulinisikiliza huku umeshika kiazi mkononi, hujamenya hata nusu.

"Na akifika kwa hiyo mpira, akose bibi?"

"Anazunguka tu hapo hapo, Mama. Anazunguka mpaka anaanguka kwa maji."

"Maskini," ulisema. "Wewe ni mtoto mbaya."

Nilikuachia kidude kimoja cha akiba ndani ya pakiti yake. Ukaipasua ili unuse mwenyewe, ukasema hakina harufu yoyote, ukakitia mfukoni mwa aproni pamoja na peremende zako za kifua. Jioni yake, ukiwa kwenye foleni ya kupimisha majani, fukusi wakakuganda kifuani mbele ya wenzako wote. Walisema umepata wachumba uzeeni. Ulinipigia simu ukicheka: "Kuja utoe hawa mabwana zako!" Nilikwambia nitakuja mwisho wa mwezi. Sikuja.

Habari kwamba umeanguka ilinikuta maabara. Nilikuwa nimeshikiza papasi ya fukusi kati ya nyaya mbili nyembamba, nikiipulizia harufu, na kila nikipuliza mstari ulikuwa unaruka kwenye kompyuta. Papasi ile ilishakatwa kichwani mwa mdudu na bado ilikuwa inajibu. Nilipofika hospitali wewe hukujibu. Nilikuita Mama, nikakuita kwa jina lako, nikakuita kama wanavyokuita wajukuu. Najua kumwita fukusi dume kutoka upande wa pili wa shamba, Mama, na nilikuwa nimekushika mkono nisijue nikuiteje.

Leo jioni nimeufunika uso wangu na aproni yako. Uliishona kwa gunia la mbolea ili umande usikuloweshe, na nailoni haishiki harufu ya mtu. Nimenusa kamba za shingoni, nimenusa kifua, nimenusa mfuko. Moshi kidogo na utomvu wa majani ya chai, basi. Mfukoni nimekuta peremende moja na kile kidude. Nikavirudisha vyote mfukoni. Nikairudisha aproni kwenye msumari, nikageuza ndoo, nikakaa.

Jua lilipozama wakaja. Kwanza mmoja, halafu wanne, wembamba na weusi kama siafu, wakatua kwenye mfuko wako wakitikisa papasi. Najua kila kitu kinachotokea ndani ya vinyweleo vyao, na hakinisaidii. Ningeweza kukitupa kile kidude chooni waende zao. Nimenyoosha mkono mara mbili nikaurudisha, kwa sababu hao ndio pekee hapa nyumbani ambao bado wanakuja kwako.

Shangazi ameniita chakula. Nimemjibu nakuja. Ameniita tena, na sijainuka kwenye ndoo.

Uliniuliza fukusi anafanyaje akifika asimpate bibi. Nilikujibu upesi sana siku ile, Mama. Nisamehe, upumzike.

Mimi, mtoto wako mbaya.