Sampuli ya Arobaini na Moja

Jumatatu, 16 Juni
Sampuli ya 41 imeingia tanurini. Miezi minane sasa! Alumini tupu hukatika mashine ya kuvuta ikifika kilonyutoni tisa. Zetu tulizotia grafini, eti ndizo imara—saba. Saba! Aibu gani hii. Mkuu wa taasisi kasema mwisho Ijumaa: tukishindwa, chumba chetu wanapewa watu wa maabara ya rangi. Bosi wetu, tunayemwita Bwana Nukta maana hakubali tarakimu isiyo na nukta na kitu nyuma yake, alifuta miwani tu.

Kabla ya hapo, nikiwa katikati ya kupima unga wake, shangazi kapiga simu. Eti huko kazini nafanya nini hasa? Nikamweleza: natia grafini, unga mweusi wa kaboni, kwenye unga wa alumini, ipate nguvu.
— Yaani mkaa? Umesoma miaka yote hiyo uje uchanganye mkaa na sufuria?
Nimecheka mpaka machozi yakaingia kwenye barakoa.

Jumanne, 17 Juni
KUMI NA TATU!!
Mashine ilivuta, ikavuta, fundi mitambo akadhani imeharibika. 13.2! Bwana Nukta kacheza, mikono juu, koti linapepea. Fundi—mama mtu mzima yule—kanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Nina furaha jamani, hata sijui niandike nini.

Jumatano, 18 Juni
Nimekwisha.
Nafungua kabati, kikombe changu cha kupimia kipo palepale, na grafini imo. Nusu nzima! Nilimimina nusu, simu ikalia, shangazi na mkaa wake, nikacheka, nikafunga kabati. Daftarini nimeandika gramu 0.6. Iliyoingia ni 0.3. Na Bwana Nukta kashamwandikia Mkuu, kwa mbwembwe, hiyo hiyo 0.6!
Mume wangu anauliza mbona sili.

Alhamisi, 19 Juni
Nimemwaga mtama. Saa mbili asubuhi nilimfuata Bwana Nukta ofisini, kikombe mkononi. Nikasema yote, hata habari ya mkaa. Akakichungulia kikombe. Akavua miwani. Mimi nahesabu vigae vya sakafu.
Halafu—kicheko! Anapiga meza! Kumbe miezi minane tulikuwa tunazidisha grafini, anasema. Ikizidi inashikana madonge, na penye donge ndipo panapokatika. Kisha akakunja uso: mara moja yaweza kuwa bahati. Nipime 0.3 makusudi, Mkuu aje ajionee. Barua ya kusahihisha kaiandika mbele yangu, wala hakunisema vibaya. Nampenda huyu mzee.
Nimepima mara tatu. Simu niliizima.

Ijumaa, 20 Juni, saa nne asubuhi
Naandika mashine ikivuta. Nimesimama, mikono lazima ipate kazi. Sampuli ya 42. Mkuu yupo, mikono nyuma. Watu wa rangi wanachungulia mlangoni, na futikamba wamekuja nayo! Hawana haya.
Saba imepita. Tisa imepita, fundi kanifinya. Kumi. Bwana Nukta anasoma kwa sauti, na nukta zake zote. Kumi na moja nukta nne.
Simu yangu! Leo nimesahau kuizima. Shangazi, nimeropoka kwa sauti!
Mkuu kageuka. Natafuta kitufe, vidole havinisikii. Bwana Nukta hata hajabandua macho kwenye kioo cha mashine.
— Pokea, binti. Mwambie mkaa umefika kumi na mbili nukta moja, na bado unapanda.