Filomena na daraja la Makuyuni

Ndugu yangu Tatu, shangazi yetu Filomena hakufa kwa homa! Mzee Jonathan, aliyekuwa mwalimu wake, ametusimulia sasa hivi hapa Korogwe.

Enzi za Ujamaa mzee alifundisha uhandisi kwa vitendo. Wanafunzi walimwaga boriti za zege wenyewe, wakazirundikia mawe juu kuzipima. Zenye nondo za chuma upande wa juu zilikatika zote. Zenye nondo chini zikahimili.

Kisha wakakuta daraja la kijiji cha Makuyuni linafungwa nondo juu. JUU, Tatu! Mzee akamsihi katibu wa kijiji zishushwe chini. Katibu akamjibu:

"Mwalimu, usitucheleweshee maendeleo."

Mafundi wakamwaga zege hivyo hivyo.

Mbao zilizoshikilia zege zilipoondolewa, Filomena akaingia chini ya daraja kuwaonyesha wanakijiji nyufa. "Njooni mwone wenyewe!" Likamwangukia.

Katibu akatangaza kuwa ameuawa na homa. Mzee alipobisha akaachishwa kazi, na wanafunzi wake wakarudishwa kunakili tu yaliyoandikwa ubaoni.