Senti Juu ya Mtutu

Laurel Fork, Kentucky
9 Juni

Baba,

Natumaini kifua kimekupa nafasi ya kupumua na Shangazi Orpha bado anakuruhusu kutia chumvi chakula chako mwenyewe. Sisi wazima. Mtoto anaota meno mawili ya juu kwa mpigo, kwa hiyo silali, na Dwight wangu yuko kwenye mabomba ya gesi Pennsylvania, tunamwona wiki moja katika nne. Junie ametimiza miaka sita na anauliza kila kitu. Najua simu kwako ni mvumo tu tangu mashine za mgodini zilipomaliza masikio yako, ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu, mtoto begani.

Nakuandikia kuhusu bunduki. Ile ya risasi ndogo za ishirini na mbili uliyoniachia ulipohamia Ohio, ile ya bei rahisi inayojipakia yenyewe. Jana nilitoka nayo nyuma ya nyumba niijaribu kabla ya msimu wa kindi. Risasi mbili zilikwenda vizuri. Ya tatu ikalia "ta", basi. Nikahesabu hadi thelathini mtutu ukitazama kilimani, kama ulivyotufundisha, nikatoa magazini ya risasi, nikavuta bolti itoe kilichobaki ndani. Hakikutoka kitu. Nikasema haya, ni tupu. Nilikuwa nageuka kumwambia Junie, aliyekaa ngazini, kwamba sasa anaweza kuja. Sijui nini kilinifanya niigeuzie jua kwanza nichungulie. Risasi nzima ilikuwa imekaa ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu, kitako chake kinang'aa. Bolti ilikuwa imerudi mikono mitupu.

Nikaurudisha mtutu kilimani, Baba. Junie akauliza, "Mama, imelala?" Nikamwambia haijalala, rudi ndani.

Sasa sikiliza. Bunduki inayokwama naweza kuivumilia. Inayonidanganya kwamba ni tupu haikai nyumba moja na watoto wangu. Nimeipa hadi Jumamosi ya tatu ya Agosti, siku ya kwanza ya kindi. Siku hiyo ikifika sijajua ina nini, naipeleka kwa fundi Estill Prater aikate kwa msumeno. Najua ulivyoipata kwa jasho. Kwa hiyo niambie ina nini.

Binti yako,
Retta


Dayton, Ohio
17 Juni

Binti yangu,

Barua imefika. Kifua ni kile kile. Orpha anapika kama mtu aliyekosana na chumvi. Mpe mtoto kitambaa kibichi cha baridi atafune, ndivyo mama yako alivyofanya kwako, ukanyamaza.

Bunduki haina kasoro. Nilikaa nayo miaka ishirini. Tatizo ni hizo risasi rahisi za ndoo, zilizomwagwa mamia pamoja, unazookota dukani. Hizi ndogo hazina kiwashio katikati kama za bunduki ya kulungu. Dawa ya kuwashia imezungushwa ndani ya ukingo wa kitako, na kiwandani wakiharakisha, kipande cha ukingo kinabaki kikavu. Pini ikigonga hapo, kimya. Tena zimepakwa nta, na nta inajaa kwenye chemba. Zikiwa na baruti dhaifu, bolti hairudi hadi mwisho na ganda linasimama mlangoni kama dohani. Safisha chemba. Usimwage mafuta kama unakaanga kuku, mafuta yanakamata masizi. Tazama midomo ya magazini, ikipanuka risasi inainua pua mapema na kugonga pasipo mahali pake.

Kama yote hayo hayakusaidia, basi ni Coy. Ulikuwepo siku ile ya kindi, miaka sita iliyopita, ilivyomkwamia mbele ya watu wote pale kwa Prater. Nilimpa nzima, akanirudishia mbovu. Kaka yako hajui kutunza kitu. Nilimwambia hivyo siku ile na leo nasema hivyo.

Usiikate.

Baba


Laurel Fork
30 Juni

Baba,

Habari za kifua na za kinywa? Mwambie Shangazi namtetea, chumvi inakuvimbisha miguu. Kitambaa kimesaidia. Mtoto amelala saa tatu mfululizo na mimi nimeamka mara mbili kuona kama anapumua.

Nimefanya kila ulichosema, na nakiri kazi hii imenikolea. Mama yake Dwight anawachukua watoto asubuhi za Jumanne na Alhamisi, na badala ya kulala kama mtu mwenye akili, nakwenda nyuma ya nyumba na kalenda ya mwaka jana niandike mgongoni mwake. Magazini ziko tatu. Nimezitia alama kwa rangi ya kucha: moja nyekundu, moja waridi, moja ile ya Junie yenye vimetameta. Risasi nimezipata aina tatu, nikapiga mia za kila aina.

Za ndoo zilikwama mara kumi na nne. Za kati, tisa. Zile nzuri, zinazokaa kila moja kwenye tundu lake, tano. Kwa hiyo unasema kweli, risasi zina neno. Lakini hazina neno lote, maana nzuri nazo zilikwama. Magazini zote tatu zilikwama karibu sawa, basi si midomo. Chemba nimeisugua mpaka kitambaa kinatoka cheupe. Bado.

Sasa hili ndilo lililonifanya nikae niandike. Maganda yote ya zilizokwama nilikuwa nayapanga dirishani juu ya sinki, sijui hata kwa nini. Jana naosha chupa za mtoto, jua likapiga pale. Kila ganda lina mkwaruzo ubavuni. Mmoja tu, na kila mara uko mahali pamoja: chini kidogo ya alama ya pini. Nikatoka na ndoo, nikaokota na yale ambayo hayakukwama. Yanao pia, ila hafifu.

Nijibu hili, Baba. Uchafu unaweza kukwaruza mahali pamoja mara mia tatu? Mtu akiiangusha bunduki, akiitumbukiza kijitoni, anaweza kuiharibu chini ya pini tu na kwingine kote iwe salama?

Na habari za Coy sikuuliza. Niliuliza habari za bunduki.

Binti yako,
Retta


Dayton
8 Julai

Binti yangu,

Hali si mbaya. Wananipuliza hewa kwa mashine kila Jumatano.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kumsomea Orpha, ambaye hakuelewa kitu lakini alisema wewe ndiye ungepaswa kwenda mgodini na mimi nibaki na vyombo. Huo mkwaruzo sijui ni wa nini. Nimejaribu kuujua, sijui. Umenifanya nichore chemba nyuma ya karatasi ya hospitali, nesi akauliza kama ni mapafu yangu.

Mpelekee Estill aangalie. Aangalie, sijasema akate. Macho yake yangali mazuri kuliko adabu yake. Kisha uniandikie alichoona, usiruke neno.

Baba


Laurel Fork
14 Julai

Baba,

Wazima sote, jino la kwanza limetoka na limeshaning'ata. Nakutakia Jumatano njema na hiyo mashine yako.

Umesema nisiruke neno. Nilimkuta Estill kibandani kwake, anakula soseji kutoka kwenye mkebe.

"Wewe ni binti wa Verlin," akasema kabla sijafungua mdomo. "Pua hiyo haifichiki."

"Nimekuja na pua na bunduki. Pua iache, tazama bunduki."

"Mzee bado anawapigia watu kelele huko Ohio?"

"Anapiga kwa barua siku hizi."

Akacheka, akafuta mikono, akaifungua yote mezani. Nikampa maganda yangu kwenye chupa ya chakula cha mtoto. Akaangalia moja, akaangalia la pili, akaacha kucheka. Akamulika ukingo wa chemba kwa tochi ndogo, akaniuliza, "Nani alikuwa akiipiga ikiwa tupu?"

Nikasema hakuna.

"Mama, usinibishie, inaonekana. Njoo uone. Pini hii inagonga ukingo wa kitako. Risasi isipokuwemo, pini inapita na kugonga ukingo wa chemba wenyewe, chuma kwa chuma. Bunduki ya bei wameiwekea kizuizi. Hii hawakuhangaika. Ukiipiga tupu mara moja, haidhuru. Hapa kuna maelfu. Ona, ukingo umelalia ndani, umekuwa kama jino. Risasi ikiingia, jino linaishika, bolti haifungi sawasawa, pini inagonga kwa unyonge. Ukiivuta, jino halijaiachia, kucha ya kutolea risasi inateleza, bolti inarudi peke yake. Nawe unadhani ni tupu."

Nilisimama pale, Baba, nikaisikia sebule yetu. Theluji imefunga barabara, risasi hazipo, na wewe umekaa karibu na jiko la makaa na bunduki tupu. Unaweka senti juu ya mtutu, karibu na ncha. "Vuta polepole. Senti isianguke." Ta. Unavuta bolti. Ta. Anayeiangusha anaosha vyombo. Mimi niliiangusha kila jioni na sikujali, nilikwenda zangu kwenye vyombo. Coy hakuiangusha. Alikuwa anaendelea mpaka umwambie, "Sawa, mwanangu," na wewe hukuwa mwepesi kulisema. Misimu ya baridi minne, labda mitano. Piga hesabu mwenyewe.

Sikuandikii haya nikulaumu. Babu alikufundisha hivyo hivyo na bunduki yake ya kulungu, na ile haikudhurika. Hapakuwa na mtu wa kukwambia kwamba hii ndogo haivumilii. Lakini ulimwambia Coy mbele ya watu kwamba hajui kutunza kitu, akaondoka bila kula, na yuko Tulsa mpaka leo. Aliiharibu kwa kukutii.

Estill anasema inatibika. Ana chuma chembamba kilichochongwa, anakisukuma ndani na kulirudisha jino mahali pake. Nusu saa, nisipoongea. Nimeiacha kwake nzima. Bunduki niliipata kwako, kwa hiyo nasubiri neno lako: atengeneze au akate.

Binti yako,
Retta


Laurel Fork
4 Agosti

Baba,

Wiki tatu. Shangazi Orpha amenitumia kadi, anasema unakula, na kila siku unatembea hadi kwenye sanduku la barua na kurudi, kwa hiyo najua si ugonjwa. Watoto wazima.

Zimebaki siku kumi na tatu. Estill ameniuliza dukani, nikamwambia bado. Sitamwambia neno mpaka uniandikie. Unanijua.

Nakupenda, hata ukinyamaza.

Retta


Dayton
9 Agosti

Retta,

Nipo.

Mwambie Estill atengeneze. Ikitoka kwake, piga hamsini kabla ya kuiamini, na usiiamini hata hapo. Ukimaliza, toa magazini, vuta bolti, kisha pitisha ncha ya kidole kidogo kwenye mdomo wa chemba usikie kama ni shimo au ni kitako. Jicho linachoka, hasa lako. Hilo sikuwafundisha, nilitakiwa niwafundishe.

Nilikuwa natafuta kopo langu la tumbaku, lile ninamoweka vitu vya zamani. Orpha alikuwa amelipandisha darini pamoja na chupa za kuhifadhia nyanya. Nimepanda mwenyewe, ngazi kumi na moja, nikapumzika mara mbili.

Anwani ya Coy niliyo nayo ni ile uliyonitumia Krismasi. Nimempelekea kitu. Kama amehama, basi.

Baba


Laurel Fork
18 Agosti

Baba,

Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ni ndefu kuliko nguvu zangu. Sote wazima. Mtoto amelala usiku mzima, wa kwanza tangu Mei.

Estill alimaliza Jumatatu. Sikupiga hamsini, nilipiga mia mbili. Tatu za ndoo hazikuwaka, nikazigeuza ukingo mwingine na mbili zikawaka, kwa hiyo hapo ulikuwa sahihi na unaweza kutembea kifua mbele. Lakini hakuna iliyobaki ndani. Hata moja. Maganda yamepangwa dirishani, mbavu zote laini.

Jana nilipanda mlimani alfajiri na Dwight, nikashuka na kindi wawili. Nilipika mchuzi mzito na mikate, nikatia chumvi yako na yangu. Mlangoni nilitoa magazini, nikavuta bolti, nikapitisha kidole changu. Kisha nikamwita Junie, nikapitisha na chake.

"Ni shimo," akasema.

"Ukisikia shimo, imelala. Usiposikia kwa kidole chako mwenyewe, iko macho, hata akikwambia nani."

"Hata Babu?"

"Hata Babu."

Bunduki inabaki. Ipo kabatini juu, imefungwa, ufunguo ninao shingoni.

Jioni Coy akapiga simu. Miaka sita, Baba, na hakuuliza hata hali. Akasema, "Retta, mzee amenitumia bahasha. Ndani kuna senti imebandikwa kwenye kadi kwa utepe. Hakuna neno hata moja. Akili zake zipo?"

Nikasema zipo zote.

Nilimsikia anaubandua ule utepe.

"Ni ile?"

"Muulize mwenyewe."

"Hasikii simu."

"Basi andika, Coy. Mimi nina mtoto begani na ninaandika."

Sikumweleza habari za jino la chemba. Nilikuwa na nafasi, watoto walikuwa wamelala na Dwight anaosha vyombo. Lakini hilo si langu kulisema, na wewe unajua. Nimempa anwani ya Shangazi. Aliiandika, kisha akanisomea tena, namba ya nyumba mara mbili.

Barua yake ikifika, usimpelekee senti nyingine. Mwambie alichoona Estill, mwanzo hadi mwisho, usiruke neno. Kisha malizia kwa yale maneno mawili aliyokuwa akiyasubiri karibu na jiko.

Binti yako,
Retta