Nyanya za Oydin Hazikugeuka Njano

Kijiji cha Tolzor,
Margilon.
28 Julai.

Mpendwa wifi yangu Barno,

Assalaam aleikum. Waonaje hali huko Kazan? Mgongo umepoa, au bado unainamia magunia ya unga kwenye tanuri la mikate? Hapa tu wazima. Mama anakohoa asubuhi tu, na chai ya moto humtuliza. Kaka yako Tursunboy ameng'oa jino, na kila mgeni akiingia lazima aonyeshwe pengo.

Aprikoti mwaka huu ni chache, mvua ya mawe ilizipukutisha zingali changa. Tumeanika kidogo, tutakuwekea.

Najua Mama amekutumia picha za nyanya za Oydin. Zangu hakukutumia, wala simlaumu. Ila nataka ulisikie jambo hili kutoka kwangu, kabla hujalisikia limetiwa chumvi.

Zile mbegu ulizotutumia siku za sikukuu ya Navruz, machipuko yalipoanza, tuligawana sawa, mimi na yeye. Ua ni mmoja, mfereji ni mmoja, jua ni lile lile. Katikati ya Juni majani ya chini ya miche yangu yakaanza kugeuka njano. Nikadhani ina njaa, nikaitia samadi. Njano ikapanda juu. Upande wa pili, miche ya Oydin, huyu mke wa nduguyo Sherali, ilikuwa kijani inayong'aa, na Mama akawa anahamishia kigoda chake cha chai huko huko kwake. Wifi, miaka kumi na tisa nimempikia Mama. Oydin ana minne tu katika nyumba hii.

Nikajiambia ana siri. Nikamchunguza, nikaona anamwagilia mara mbili tu kwa wiki. Basi mimi nikaanza kumwagilia kila jioni, tuone nani zaidi. Tursunboy alinikuta na ndoo.

"Mama Shohista, unalima nyanya au mpunga?"

Nikaijaza ndoo tena. Majani yakawa yanaanguka yenyewe, na miche inasinyaa hali udongo umelowa chepechepe.

Ndipo Oydin akaja, mikono nyuma. "Dada Risolat, niruhusu ning'oe mche mmoja tutazame."

"Ng'oa wa kwako."

"Wa kwangu hauumwi, dada."

Lilinichoma neno hilo, ingawa hakulisema kwa kejeli. Akang'oa. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini kama uzi uliooza, inanuka kinamasi. Akaniambia jani la njano kwenye udongo mkavu ni kiu au njaa, lakini kwenye tope ni mizizi inayokosa pumzi. Samadi niliyoongeza haikuwa na wa kuila.

Tukaifanya kazi pamoja. Tulichimba njia ya kutoa maji, tukaondoa majani yaliyoharibika na yanayogusa ardhi, tukalegeza udongo na kuinua matuta. Miche iliyokwisha oza tuliing'oa, kumi na mmoja. Kisha nikakatazwa kumwagilia mpaka nikichomeka kidole nisikute unyevu. Siku ya kumi na mbili machipukizi ya kijani yakatokeza kileleni. Nililia, lakini nilijificha nyuma ya banda.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema. Ijumaa iliyofuata tulikuwa na wageni, na Mama akipitisha kachumbari akasema mbele ya wote, "Oydin ndiye aliyeziponya nyanya za Risolat. Mikono yake ina baraka." Ya kwangu, iliyopika pilau ya wageni, hakuna aliyeitaja.

Mchana huo, wageni wameondoka na joto limewalaza wote, nilichukua jembe nikabomoa ukingo wa mfereji upande wa Oydin. Maji yakaingia kwenye matuta yake. Nikarudi jikoni kumenya vitunguu. Najua maji ya siku moja hayaui mche. Lakini mimi, wifi, sikukusudia siku moja.

Vitunguu viwili havijaisha, ile harufu ya mizizi ikanijia puani. Nikatoka mbio, nikaziba, nikayatoa maji kwa mikono mpaka kucha zikapasuka.

Jioni Mama aliona tope, akamkemea Sherali kwamba ameacha mfereji wazi. Sherali akaapa kwa mkate kwamba si yeye. Nami nikaendelea kummiminia Mama chai, kama asiyejua lolote.

Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia Oydin tukiwa tunachuma matango, bila kumtazama usoni.

"Nilikuona," akasema. "Nilikuwa dirishani, namlaza mtoto."

"Mbona hukupiga kelele?"

"Viatu vilikuwa mkononi tayari, nije nizibe. Nikasema ningoje kidogo, nione kama utarudi. Ukarudi."

Kisha akaendelea kuchuma.

Nimekwenda kwa Mama na kwa Sherali, nimekiri. Mama aliniangalia, na hilo lilinitosha. Sherali anadai sambusa kila Jumapili mpaka theluji ianguke.

Nyanya zangu zimeanza kuiva, wifi. Ni chache, na ndogo kuliko za Oydin. Nimezipima kwa kiganja, usinicheke. Wivu haujaniisha, na sasa umepata jambo jingine: hata kwa moyo amenishinda. Lakini ikifika zamu yake ya maji, ninayemfungulia mfereji ni mimi, kisha nakaa pale pale mpaka wakati wa kuufunga.

Nisalimie shemeji Farhod, na Munira wako ambaye naambiwa amenipita kimo. Shohista anakubusu mikono, Mama anakuombea kila swala. Mungu akulinde ugenini, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye pamoja na kijicho changu chote,

Risolat