Bunduki ya Zamu

Jumapili, 2 Oktoba 2016

Asubuhi manyunyu, baridi ya kuuma vidole. Nimetoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee nikakuta mlango wa Sipriani, jirani yetu wa chini, umeng'olewa bawaba. Televisheni imekwenda. Na viatu vya shule vya wajukuu wake.

Baada ya ibada wanaume wamekaa sebuleni kwetu. Mume wangu Silvano na huyo Sipriani walikuwa sungusungu kule kambini Mtendeli: fimbo, filimbi, doria usiku. Agosti walijaribu hapa ughaibuni, Whitehall. Wanaume weusi watano wanazunguka paking na fimbo — mtu akapiga simu, polisi wakawalaza kifudifudi kwenye lami. Namshukuru Mungu hakuna aliyekimbia.

Sasa wameamua: bunduki. Moja, ya wote. Watachanga, kisha italala kwa zamu, nyumba kwa nyumba, kama filimbi ya kambini ilivyolala kwa mwenye doria. Zamu ya kwanza ni yetu. Mimi, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, nimepewa kazi ya kusoma na kulinganisha mbili: ya bei nafuu na ile nzuri. Zote zinajipakia zenyewe. Ukivuta inatoka risasi moja, na nyingine imeshakaa tayari.

Nimeulizwa ipi. Hakuna aliyeniuliza kama naitaka.

Mimi nalala mchana. Watoto wakitoka shule wanafungua kwa ufunguo wao na kunikuta usingizini. Nadine ana miaka tisa, na hakuna droo ya nyumba hii ambayo hajaifungua.

Jumanne, 4 Oktoba

Mawingu. Nimesoma hadi macho yakauma. Ya bei nafuu inakwama, hasa ikila risasi za rahisi. Nzuri haikwami, ni nyepesi, inadumu.

Leonardi, kaka yake Silvano, amepiga kutoka Louisville. Anayo yake, ya kuwindia. "Shemeji, msiniletee takataka. Bunduki ikikwama ni rungu." Nikamwambia rungu walikuwa nalo, likawalaza kwenye lami. Amecheka mpaka akakohoa.

Jioni dada yangu Rakeli, wa Buffalo. Huko kwao sheria imekaza, za aina hii haziuzwi. "Hamieni huku East Side," anasema. "Theluji ikianguka hata mwizi anabaki kwake." Nikamwuliza na kiangazi je? Akasema kiangazi anaweka kabati nyuma ya mlango.

Jumamosi, 8 Oktoba

Jua kidogo. Nimetoa ripoti yangu mbele ya wanaume. Nimesema: nzuri. Nikawapa sababu zote, na zote ni za kweli.

Sababu moja sikuitaja. Nzuri bei yake iko juu sana. Kuchanga kutafika Krismasi. Huenda hapo katikati meneja wa jengo akarudisha taa za ngazi zilizozimika. Huenda hofu ikapoa.

Wamenisifu. Silvano hakunisifu. Walipotoka akasema, "Mama Nadine, wewe sufuria tu unazunguka maduka yote ya Morse Road kutafuta ya rahisi. Leo umekuwa tajiri?"

Nikaenda kuosha vikombe.

Jumamosi, 15 Oktoba

Upepo. Leonardi ametuma pesa zote zilizopungua. Anasema hataki kumzika mdogo wake kwa ajili ya bunduki ya kukwama. Amefanya kwa upendo. Nimempigia kumshukuru, nikabaki nimeshika simu baada ya yeye kukata.

Jumamosi, 22 Oktoba

Baridi kavu. Tumekwenda dukani: Silvano, Sipriani, na mimi wa kutafsiri. Muuzaji mzee Mzungu, mpole, kila nikimuuliza ananijibu kwa heshima kama niko kanisani. Akalaza zote mbili juu ya kioo.

Ya bei nafuu niliishika kwanza. Nzito, inakwaruza. Kile kidude cha kuzuia risasi nilikisukuma kwa dole gumba mpaka likaniuma. Kisha nzuri. Kila kitu kinateleza, kama droo iliyopakwa mafuta. Kidude chake kilishuka nilipokigusa tu.

Muuzaji akaona uso wangu. Akasema hii ni laini, hata kama nina binti mdogo angejifunza kwa mchana mmoja. Alikuwa anaisifia.

Nikatafsiri. Neno kwa neno. Silvano aliyekuwa ameshaiweka begani akaishusha, akaitazama kama mtu aliyepewa mtoto wa mwingine ambebe.

Ndipo muuzaji akauliza ni ya nani kati yetu. Sipriani hakungoja nitafsiri. Akapiga kifua, akaonyesha sisi, akaonyesha na dirishani, kwa Kiingereza chake: ya nyumba tano, wiki kwa wiki. Kwa fahari kabisa.

Mzee akazirudisha zote mbili ukutani, taratibu. Akanieleza: anayenunua ndiye mwenyewe, si kikundi. Baada ya kusikia hayo hawezi kutuuzia. Akatupa mkono wa kuagana, mmoja mmoja.

Ndani ya gari Sipriani akanigeukia. "Shemeji, umesoma kurasa zote hizo, hili hukuliona?"

Sikuliona. Nilikuwa nasoma chuma.

Jumapili, 23 Oktoba

Mvua. Wanaume tena sebuleni. Hakuna zamu tena: atakayeinunua kwa jina lake itakaa kwake siku zote. Ghafla kila mmoja ana sababu. Sipriani ana wajukuu. Mwingine mke wake ana presha. Macho yote kwa Silvano.

"Ngojeni kwanza," akasema.

"Mzee wa filimbi," Sipriani akamtania, "siku hizi unaomba ruhusa jikoni?"

Wakacheka. Silvano naye akacheka, lakini akasema atajibu baadaye.

Walipoondoka akakaa mezani kwangu. Akauliza, "Wewe unataka?"

Wiki tatu nina maneno ya mtutu, ya kitako, ya risasi. Nikamwambia tu: watoto wanaporudi, mimi nimelala.

Akasema, "Na atakayevunja mlango mchana, si utakuwa umelala vilevile?"

Yuko sawa. Na mimi niko sawa. Nikainuka kutafuta sare yangu ya shifti.

Jumatatu, 24 Oktoba

Asubuhi barafu nyembamba juu ya magari. Nimerudi kutoka shifti, Silvano ameshaenda kazini ghalani, watoto wameshapanda basi la shule.

Chumbani rafu ya juu ya kabati ni tupu. Masanduku yetu ya safari ameyashusha, yamepangwa chini ya dirisha. Milango ya kabati ina komeo jipya na kufuli. Si la bei nafuu. La shaba, zito, linajifunga lenyewe. Juu ya mto wangu ufunguo mmoja.

Amepiga saa ya mapumziko, mashine zinalia nyuma yake.

"Umeona?"

"Nimeona. Rafu ni tupu."

"Ndiyo. Kufuli nimenunua mimi. Kilichobaki utasema wewe, na Sipriani nitamjibu hivyo hivyo." Kengele ikalia, akakata.

Nimepanda kiti nikapima rafu kwa mkono. Inatosha. Nikasogeza kile kiti, nikakitazama, nikakitoa chumbani kabisa, Nadine asije akakipanda. Kisha nikashuka kuangalia mlango wa Sipriani. Bado umefungwa kwa kamba.

Sijampigia Silvano kusema ndiyo wala hapana. Nimelala saa tano kasorobo, ufunguo ndani ya soksi.