Njiwa wa Nani Huyu

Baba Zuhura,

Njiwa wazima. Natanguliza hilo maana nakujua, hata ungerudi kutoka safari ndefu ungepita mlangoni bila salamu, uingie bandani kwanza, ndipo ukumbuke una mke. Wazima wote, wanakula, na lile dume lako jeusi bado linampiga bawa kila anayelisogelea. Mimi pia mzima. Niko ndani na eda yako, nimekaa kama chungu, na Bi Mize shangazi yako ndiye kifuniko.

Naandika mwenyewe. Kisomo ni kile kile cha ngumbaru, ulichokuwa ukinicheka nikirudi na chaki kwenye kanga, kwa hiyo usinitafutie nukta. Zuhura alitaka mimi niseme yeye aandike. Nikamwambia maneno ya mama na baba hayapiti kwa mtoto.

Chumbageni hii ungeiona ungecheka. Imekuwa maduka kila mlango. Wale waliokuwa wakija kwetu kuomba kipande cha sabuni, wenyewe sasa wameweka meza barazani wanauza sabuni, tena ya rangi, inanukia mpaka nyumba ya tatu. Kila kitu kipo. Huna tu cha kununulia, lakini kipo, unakitazama. Ndipo na mdogo wako Hamadi akashikwa na homa ya duka. Hitima yako haijapoa, akaja akasimama uani, akaliangalia banda la njiwa kama mtu anayepima kitambaa.

“Shemeji,” akasema, “hapa pameelekea barabara. Tuvunje hili banda tuweke meza ya mitumba, utapata riziki wewe na mwanao. Njiwa tuwapeleke sokoni. Na kwani tangu lini mwanamke akafuga njiwa?”

Hakusema kwa ubaya, nisimsingizie. Naye ana watoto, na alikuwa akinihurumia kweli.  Lakini nilitaka kumjibu, na wewe unanijua nikitaka kujibu, Bi Mize akakohoa. Mjane hapandishi sauti. Basi nikaibana, nikamwambia taratibu, “Shemeji, ngoja Idi. Njiwa wa kaka yako wana mashindano yao. Wakisimama vizuri, banda libaki na mwenye njiwa niwe mimi. Wakitia aibu, njoo na nyundo.” Akakubali, Bi Mize akiwa shahidi.

Baba Zuhura, wewe ndiye unayejua nilichokuwa nakipigania. Ile miaka ya foleni tunakula unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, na huo wenyewe wa kugombania, wewe ukitoka kiwanda cha kamba unapitia kwenye mashine ya kusaga, unaomba chenga zilizofagiwa chini, unakuja nazo mfukoni. Mtaa mzima ukasema huyu ana wazimu, watu hawana unga yeye analisha ndege. Hata mimi nilisema. Nilisema mpaka bombani, watu wakaacha kuteka maji wanisikilize. Mama yako akasema basi wachinjwe japo wawili tupate mchuzi, ukamjibu kwa adabu, “Mama, mtu hamli mgeni wake.” Tukala mchicha. Na kiwanda kilipowapunguza, wenzako wakakaa barazani wameshika mashavu, wewe ukakaa na njiwa wako ukasema sasa nimepata nafasi. Leo mtu akipita na mgeni wake anasimama hapo nje anamwonyesha, tazama wale weupe, mkia umefunguka kama kipepeo cha kupepea moto, shingo imelala nyuma, kifua mbele kama bwana harusi. Hapo ndani mie nachungulia, najinyoosha.

Ulipoanguka kitandani kwa ugonjwa nikawa mkono wako. Wewe dirishani, mie bandani. “Mshike kifua, usimshike mkia. Mkia ndiyo nguo yake ya Idi.” Nikawafagilia, nikawabadilishia maji, nikawaogesha kwa maji ya mvua na kuwakausha kivulini, na muda wote huo naongea, maana mie kazi bila maneno siiwezi. Niliwapa habari zote za mji wale ndege. Yule jike tuliyemwita Bi Harusi, uliyemwacha na manyoya ya utotoni, kakulia mbele ya mdomo wangu. Ukasema, “Huyu atakuja kuwa kitu.” Hukumwona alivyokuwa. Hapo ndipo panaponichoma.

Sasa Idi inakaribia ndipo nikagundua ujinga wangu. Nimeweka ahadi ya mashindano, na mashindano hufanyika uani kwa Gulamu wa duka la vitambaa, mwamuzi wenu, na mimi nina eda. Sitoki. Zuhura hawezi kwenda kukaa peke yake katikati ya wanaume. Hamadi anamshika njiwa kama anashika kiatu. Nikasema basi, nimejichimbia mwenyewe.

Aliyeniokoa humdhanii. Faki Mpemba. Ndiyo, huyo huyo mliyekuwa mkitukanana miaka yote kwa ajili ya vifua vya njiwa, mkigombana Ijumaa na kunywa kahawa Jumamosi. Aliposikia wako hawatakuja hakufurahi hata kidogo. Alikwenda dukani kwa Gulamu, akasema mbele za wateja, “Yakhe, n’kishinda na njiwa wa marehemu hawapo, n’tasema n’memshinda nani?” Gulamu akaacha kukata kitambaa, akafikiri, akasema, “Mjane hatoki. Lakini sisi hatuna eda, tuna miguu.”

Wakaja, Baba Zuhura. Idi pili, watu wote wa njiwa, na matenga yao kichwani, wakaingia uani kwako. Wakafudikiza beseni katikati kama desturi, njiwa apande juu yake. Mie ndani nyuma ya pazia la dirisha na Bi Mize kanikalia ubavuni. Wenyewe walikuwa wameonyana huko njiani kwamba hii ni nyumba ya msiba, basi wanaongea kwa kunong’ona, hata Faki. Alijaribu mara moja tu, Zuhura alipomtoa Bi Harusi, akamwambia, “Mwanangu, huyo njiwa au taulo?” Gulamu akamkata, “Faki, punguza maneno, njiwa wako ataiga tabia.” Wakanyamaza tena.

Njiwa wa Faki alipanda beseni akasimama kweli, siwezi kumnyima haki yake. Kifua kimejaa, mkia wote umefunguka, hakutikisika. Kisha akawekwa Bi Harusi.

Akajikunja. Mkia umefungwa, shingo imeingia ndani, kama kuku aliyenyeshewa. Na unajua sheria, hakuna kumgusa, na akishuka chini ndiyo basi. Ua kimya. Gulamu anangoja. Nikamwona Hamadi anageuza macho, analitazama banda, na nikajua anatazama atakapoweka meza.

Ndipo ikanijia. Ndege huyu hajapata kuusikia ua huu umenyamaza. Tangu yai anasikia mdomo wangu, leo nyumba imekuwa kaburi, atajuaje kwamba yuko kwao? Nikafungua mdomo. Bi Mize akauziba na mkono wake. Nikautoa ule mkono, Mungu anisamehe, nikaanza kumhadithia yeye mwenyewe Bi Mize, kwa sauti yangu ile ya bombani, habari za yule jirani aliyenunua koti la baridi kwenye mitumba, la manyoya, la watu wa theluji, akalivaa arusini saa nane ya mchana Tanga hii, na mwenye arusi akimwomba avue hataki, anasema hili ni la Ulaya, mpaka akazirai juu ya sinia la pilau.

Huko nje nikasikia mtu anacheka puani. Na mwingine. Nikachungulia. Bi Harusi kainua mguu mmoja. Kifua kikaanza kutoka, taratibu, kama mtu anayekumbuka kitu. Shingo ikarudi nyuma inatetemeka, kichwa kikalala juu ya mkia, na mkia, Baba Zuhura, mkia ukafunguka wote mpaka unyoya wa mwisho. Mie nikaogopa kunyamaza. Nikalirefusha lile koti, likapita magotini, likaburuta chini, likatoka mjini, likafika Pongwe. Bi Mize mwenyewe akawa ananiuliza, “Ehe, halafu?”

Faki akaruka, “Gulamu, huyo kasaidiwa na mdomo!”

“Na wewe wako unampigia mluzi kila mwaka,” Gulamu akamwambia. “Mdomo ni mdomo.” Akazunguka beseni, akainama, akatazama mkia kwa chini, akasimama. Akasema hajaona shingo kama ile tangu baba yake yu hai. Kisha akauliza kama inavyoulizwa kwa mshindi, kwa sauti, ili watu wasikie, “Njiwa wa nani huyu?”

Koti nikaliacha hapo. Si haki yangu kusema kutoka dirishani. Zuhura akalitazama pazia langu. Na aliyejibu ni Hamadi. Mdogo wako, Baba Zuhura. Alijikohoza akasema, “Wa shemeji yangu. Njiwa wa Mama Zuhura.”

Sikulia wakati ule. Niliwaagizia kahawa na halua, nikasikia sasa wanabishana kwa sauti zao za kawaida, Faki anaapa kwamba mwakani atamleta mkewe aje apige kelele. Walipoondoka ndipo nikalia, nikalia sana, maana sikuwa na mtu wa kumsimulia. Wewe ndiye ungeelewa ile shingo.

Hamadi kaweka meza yake upande wa pili, chini ya dirisha la jikoni. Juzi njiwa mmoja kaichafua suti ya mitumba, akaja ananung’unika kwangu, nikamwambia mwambie mnunuzi ni nakshi. Akacheka. Na banda lilikuwa linavuja pembeni, kalipiga bati mwenyewe, bila kuambiwa.

Sasa ahadi yangu. Faki kaomba kinda la Bi Harusi na nitampa, kwa kuwa bila Faki hakuna mashindano, kuna ufugaji wa kuku tu. Sokoni hatokwenda hata mmoja maadamu ninapumua. Na eda ikiisha, Idi ijayo nitambeba Bi Harusi mkononi mwenyewe mchana kweupe, nipite naye barabara kubwa mpaka uani kwa Gulamu, nikae mbele. Wakiuliza njiwa wa nani, safari hii nitajibu mwenyewe. Nitasema wangu, kisha nitawaambia nani alinifundisha kumshika, na hapo wajitayarishe kukaa, maana habari zako sizisemi kwa ufupi.

Mungu akupe nuru huko uliko, mume wangu. Radhi zangu zote unazo. Naishia hapa, nasikia wananililia mtama.

Mkeo,
Mama Zuhura, mwenye njiwa