Mgongo wa Kuegemea

Mayu, mwangaluka. Shikamoo mama yangu.

Salamu kwanza, maana hukuwa mtu wa kusikia habari kabla hujajua kila mmoja ameamkaje. Kulwa anakusalimia, jino la mbele limetoka, na kalamu hii ni yake, ameniambia nisimmalizie wino. Doto hajambo, ila tangu tukuzike anakojoa kitandani, nimeacha kumgombeza. Shija anakusalimia sana. Anakuwekea ugali kwenye kisahani nje, kuku wanakula, halafu anakuja kuniambia bibi ameshiba. Baba yao yuko maduarani upande wa Geita, anachimba, simu yake inapatikana akipanda juu tu. Mama mdogo yupo nami tangu matanga, miguu inamsumbua na macho ndiyo yale yale. Hata mbuzi wako mweusi amezaa. Amezaa mwenyewe nyuma ya ghala, hakuna aliyemshika. Nilimwangalia nikalia mpaka jirani akaja kuuliza nani tena amekufa.

Mimi sijambo ya salamu tu. Mayu, mimi si mzima.

Unakumbuka ulivyonizalisha hawa watoto? Ulinichuchumaza nishike isumbi, kile kigoda chako cha miguu mitatu, na wewe ukakaa nyuma yangu, mgongo kwa mgongo. Hukunivuta, hukunikaripia. Uchungu ukija nakulalia, nasikia unavyopumua, na mimi napumua hivyo hivyo. Kulwa alipotoka nikadhani nimemaliza, ukacheka: "Kaa hapo hapo, kuna mwenzake anapiga hodi." Na Shija naye vile vile, akaja taratibu kama mtu anayejua njia. Basi nikapenda kuzaa, mayu. Wanawake wananicheka kisimani: "Mama Kulwa, na uchungu nao mtu anautamani?" Mimi nautamani. Shule sikuikaa, biashara siijui, lakini pale nilijua ninachofanya.

Mimba hii wewe ndiye uliyeijua kwanza. Nilikuwa napepeta mahindi, ukaniangalia ukasema, "We binti, mko wawili hapo." Tukapanga tutakaa vile tena. Halafu presha ikakuangusha sokoni Kharumwa, wakakuleta na kikapu chako cha viazi, viazi vyote vimo.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku za matanga watu walijaa, kuni zikaisha, wapishi wakawa wanaomba chochote kikavu. Mama mdogo kwa macho yake mabovu akapapasa nyumbani kwako, akawapa isumbi. Alidhani ni kigogo. Mimi nilipofika jikoni nikaona mguu mmoja umechomoza motoni, sufuria la ugali liko juu. Ningesema nini, mayu? Watu wametoka mbali, wana njaa. Nikala nao. Ugali wa kukulilia wewe uliivishwa na kigoda nilichoshika nikizaa wajukuu zako. Mama mdogo hajui, usimjie ndotoni ukamwambia, atakufa.

Nikajipa moyo, kigoda ni mti, fundi atachonga kingine. Mgongo je? Nilimjaribu mama mdogo, nikamwomba akae nyuma yangu tu, kujaribu. Akasinzia.

Sasa juzi nesi wa zahanati amenipapasa tumbo muda mrefu. Halafu akasema, "Mama, mtoto amekingama. Hapa hatuwezi, na nyumbani usithubutu. Nenda hospitali kubwa kabla uchungu haujaanza, wakupasue." Nilitaka kubisha. Mdomo nilishaufungua. Lakini nilikusikia wewe, vile ulivyokuwa unawaambia wengine hapa hapa mlangoni, unawafunga kanga, bodaboda inanguruma: "Huyu si wangu, huyu wa hospitali. Nenda mwanangu, usije ukanifia kwa kunipenda."

Watoto wamesikia. Walikuwa na mchezo wao, Shija ndiye mzazi, bunzi la mahindi ndiye mtoto, Doto ndiye wewe, anakaa nyuma mgongo kwa mgongo. Kulwa yeye kazi yake kufoka: "Usisukume we! Bibi alisema mtoto si gunia la pamba!" Nilikuwa nacheka mpaka tumbo linauma. Jana wamecheza hospitali. Shija akalala chali, wakamchora tumbo na mkaa, na alipoambiwa ainuke hakuinuka. Kulwa akaja mbio: "Mama, Shija amekufa kwa kuchezea, mwambie aache!" Nilivyofika akafungua jicho moja, akacheka. Mimi nikakaa pale pale chini.

Baba yao alipopatikana nilimwambia, akasema, "Kisu na kiwe kisu, wewe urudi tu." Nisiporudi, mayu, nani atawachana nywele hawa? Nani atajua Doto hapendi kuamshwa kwa jina?

Gari ni kesho asubuhi. Nitapanda. Nakuahidi sitajificha shambani, sitamsikiliza mtu wa kuniletea dawa ya kumgeuza mtoto. Nitaenda kwa ajili ya hao watatu na huyu aliyekingama. Akiwa wa kike ni Nyamizi, jina lako, na akilia sana ndilo nitakalomwitia anyamaze.

Ila kitu kimoja kinanitoa usingizi. Nesi kanieleza kuwa hawakulazi kwanza. Unakaa, unainama, sindano inachomwa katikati ya mgongo, halafu chini kote ganzi. Mayu, ni pale pale. Ni pale ulipokuwa unaweka mgongo wako. Hata ukija ukakaa nyuma yangu, nitajuaje?

Kwa heri mama. Lala salama, wajukuu wanakusalimia tena. Usisubiri kesho kunijibu, jibu leo, upesi, nikiwa bado nasikia mgongoni. Mchana huu nikimaliza kuandika nitakaa chini mlangoni kwako, nitaegemea nyuma, bila ukuta.

Mwanao,
Mama Kulwa